Ribosomu Hushikwa na Nini Kwenye Utando, na Lipidi Zina Kazi Gani?

Swali: Shikamoo Profesa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, kidato cha tano na sita. Kila mwaka nachora retikulamu ya endoplazimu, ule mtandao wa tando ndani ya seli, na vidoti vya ribosomu, vile viwanda vya protini, nawaambia wanafunzi kwamba ribosomu "zimebandikwa" juu ya utando, tunaendelea. Safari hii binti mmoja kanibana. Anasema ribosomu karibu nusu yake ni RNA, na RNA ina chaji hasi. Utando nao ni fosfolipidi, yaani lipidi (mafuta) zenye fosfati, na fosfati ina chaji hasi. Sasa hasi na hasi zinakaaje pamoja bila kusukumana? Na kama lipidi ndizo zinazoshika, mbona ribosomu hazibandiki kwenye kila utando uliomo ndani ya seli? Nimemwahidi jibu. Nisaidie.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Huyo binti mpe maua yake, maana amegusa jambo lililowasumbua watafiti tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1990. Jibu la haraka ni kwamba lipidi si gundi. Ribosomu inashikwa na protini iliyopenya kwenye utando, na inashikwa pia na uzi wa protini ambao yenyewe inautengeneza. Ila usiishie hapo. Lipidi zikibadilika, kazi yote inaweza kugoma hata kama ribosomu bado imeshikilia vizuri. Kushikwa ni jambo moja, kuingiza protini ni jambo jingine, na kwenye hilo la pili ndipo lipidi zina kauli kubwa.

Nianze na chaji, kwa kuwa ndizo alizokubana nazo.

Si kila fosfolipidi ina chaji hasi ukijumlisha. Utando wa retikulamu ya wanyama umejengwa hasa kwa fosfatidilikolini, ambayo hufika nusu ya fosfolipidi zote au zaidi, ikifuatiwa na fosfatidilietanolamini. Zote mbili zina fosfati yenye hasi, ni kweli, lakini kwenye kichwa kilekile zimebeba nitrojeni yenye chanya. Jumla ni sifuri. Zenye hasi halisi ni chache, fosfatidilinositoli na fosfatidiliserini, na hiyo ya serini sehemu yake kubwa iko upande wa ndani wa retikulamu, haikutani kabisa na ribosomu.

Halafu saitoplazimu, ule umajimaji wa ndani ya seli, si maji matupu. Imejaa ioni za potasiamu na magnesiamu ambazo huzizunguka chaji hasi na kuzizima. Kwa kiasi cha chumvi kilichomo ndani ya seli, msukumano wa umeme unafifia ndani ya nanomita moja hivi. Ribosomu ina upana wa nanomita 25 hadi 30, na wala hailali kifudifudi juu ya mafuta. Picha za hadubini ya elektroni zinaonyesha imeinuliwa kidogo, kuna uwazi mwembamba wa nanomita moja au mbili chini yake. Kwa hiyo msukumano anaouhofia upo, ila ni dhaifu na haufiki mbali. Swali linalobaki ni nini kinachoivuta.

Hapa historia inasaidia, na naomba unisikilize kwa utulivu kwa sababu majaribio haya yanaeleweka bila hesabu yoyote. Mwaka 1955 George Palade, Mromania aliyekuwa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alieleza chembe ndogo nyeusi zilizojipanga juu ya tando za seli, ambazo ndizo ribosomu. Mwaka uliofuata yeye na Philip Siekevitz walifanyia kazi ini la panya. Ini likisagwa, retikulamu inakatikakatika, na vipande vyake vinajikunja kuwa vifuko vidogo viitwavyo mikrosomu, ribosomu zikiwa bado zimeng'ang'ania kwa nje. Wakatia deoksikolati, sabuni itokanayo na asidi ya nyongo. Utando ukayeyuka, ribosomu zikabaki nzima.

Mtu wa haraka angesema: mafuta yameyeyuka, ribosomu zimeachia, basi mafuta ndiyo gundi. Kasoro yake ni kwamba sabuni haiyeyushi mafuta peke yake. Inang'oa na protini za utando vilevile. Jaribio hilo halikuweza kutenganisha mambo hayo mawili.

Mwaka 1966 David Sabatini, Yutaka Tashiro na Palade walitumia EDTA, kemikali inayonyakua magnesiamu. Ribosomu ina vipande viwili, kikubwa na kidogo, na magnesiamu ndiyo inayoviweka pamoja. Walipoinyakua, kipande kidogo kikaondoka na kile kikubwa kikabaki kwenye utando. Basi ukichora ubaoni, mwalimu, kipande kikubwa ndicho kiguse utando. Nimeona michoro mingi, hata iliyochapwa kwa rangi nzuri, ribosomu imepinduliwa miguu juu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1973, la Milton Adelman, Sabatini na Günter Blobel. Chukua mikrosomu za ini, zitie kwenye kloridi ya potasiamu nyingi, mara kadhaa ya iliyomo ndani ya seli. Baadhi ya ribosomu zinaachia, hasa zile ambazo hazikuwa zinatengeneza kitu. Nyingine, chumvi yote hiyo, hazitikisiki. Sasa ongeza puromisini. Dawa hii inafanana na ncha ya tRNA, molekuli inayoiletea ribosomu asidi amino, yaani vipande vya kujengea protini. Ribosomu inadanganyika, inaiunganisha mwishoni mwa mnyororo wa protini, na mnyororo unakatika kabla ya wakati wake. Weka chumvi nyingi na puromisini pamoja, na ribosomu karibu zote zinatoka, wakati utando wenyewe umebaki mzima.

Ona maana yake. Lipidi hazikuguswa, lakini ribosomu zimeachia. Vishikio ni viwili: kimoja cha umeme, kinachovunjwa na chumvi, na kingine ni mnyororo wenyewe wa protini, ambao umeshapenya kwenye utando na unaishikilia ribosomu kwa juu. Meli iliyotia nanga bandarini haishikwi na maji yanayoizunguka. Imeegemea gati na imefungwa kamba. Gati hapa ni protini ya utando, kamba ni mnyororo, na maji ndiyo lipidi.

Swali la pili la binti, kwa nini si kila utando, lilijibiwa na Blobel, na jibu hilo lilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1999. (Fedha za tuzo alizitoa kwa mji wa Dresden, kujenga upya kanisa la Frauenkirche na sinagogi. Hilo halimo kwenye mtihani, lakini wanafunzi hulipenda.) Alipendekeza kwamba protini inayotakiwa kuingia retikulamu inazaliwa na anwani kwenye kichwa chake.

Tazama insulini. Ribosomu huanza kuitengeneza ikiwa na asidi amino 110, na 24 za kwanza ndizo ishara. Katikati ya ishara hiyo kuna mfululizo wa asidi amino zinazokimbia maji. Ribosomu inayoanza kazi hii inaelea saitoplazimu kama zile nyingine. Hakuna ribosomu za aina mbili, za huru na za kubandikwa, ni zilezile. Asidi amino 30 hadi 40 za mwisho hubaki zimefichwa ndani ya handaki la kipande kikubwa, kwa hiyo mpaka ishara ichomoze yote nje, mnyororo unakuwa umefika sitini na kitu. Hapo inadakwa na chembe iitwayo SRP, yenye protini sita na RNA moja ya nyukliotidi 300 hivi. Moja ya protini hizo ina mfuko uliotandikwa methionini, na ishara inazama humo. SRP inapunguza kasi ya ribosomu na kuipeleka kwa kipokezi chake. Kipokezi hicho kiko kwenye retikulamu. Ndiyo maana ribosomu inayotengeneza insulini haiendi kubandika kwenye utando wa nje wa seli au wa lisosomu.

Kipokezi kinaikabidhi ribosomu kwa mfereji wa protini uitwao Sec61. Mwaka 1993 Dirk Görlich na Tom Rapoport, wakiwa Berlin, waliunda vifuko vya lipidi kuanzia mwanzo, wakaweka ndani yake protini walizozisafisha moja moja. Kipokezi cha SRP na Sec61 vilitosha kuingiza baadhi ya protini. Nyingine zilihitaji na protini ya tatu, TRAM. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilionyesha kwamba Sec61 ndiyo inayoshika ribosomu. Kifuko cha lipidi tupu, katika chumvi ya kiasi cha seli, ribosomu hazikishughulikii.

Na hapa ndipo hoja ya binti inapogeuka. Sec61 ina vitanzi viwili vinavyochomoza kuelekea saitoplazimu, navyo vimejaa arijinini na lisini, asidi amino zenye chaji chanya. Vitanzi hivyo vinaingia pale mlango wa handaki la ribosomu ulipo, vinashikamana na RNA ya kipande kikubwa pamoja na protini zilizo kandokando yake. Umeme uleule aliodhani unaifukuza ribosomu ndio unaoivuta, ila unaivuta kwenye nukta moja tu. Ndiyo maana pia chumvi nyingi inaing'oa. Mwaka 2014 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliipiga picha ribosomu ya mamalia ikiwa juu ya Sec61 kwa undani wa nanomita 0.34, na mshikano huo unaonekana pale bila kubahatisha.

Sasa lipidi. Ungeweza kudhani nimezivua madaraka yote. La hasha.

Mfereji wa Sec61 una umbo la kioo cha saa, mwembamba katikati, na umezibwa na kizibo kidogo cha protini. Lakini ajabu yake ni kwamba una mlango wa pembeni unaofunguka kuelekea kwenye lipidi zenyewe. Ishara ya insulini inapofika haipiti moja kwa moja kwenda ndani. Inajipachika kwenye mlango huo wa pembeni, ubavu mmoja ukigusa mfereji na ubavu mwingine ukigusa mafuta. Kama mafuta hayaikubali, mlango haufunguki ipasavyo.

Mwaka 2005 kundi la Gunnar von Heijne wa Stockholm lilipima jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo naiona nzuri sana. Walitengeneza kipande cha asidi amino 19, nyingi zikiwa alanini na lusini, wakaweka katikati yake asidi amino moja ya kujaribiwa, kisha nyingine, mpaka zote 20 zikaisha. Kila mara waliuliza: kipande hiki kimebaki ndani ya utando, au kimepita chote upande wa pili? Isolusini, lusini na fenilalanini zilikifanya kibaki. Arijinini, lisini na aspatati zilikifanya kikatae. Mpangilio waliopata ulikaribiana mno na ule ambao mkemia angeupata kwa kuweka asidi amino hizo kati ya maji na mafuta kwenye chupa, bila ribosomu wala mfereji. Maana yake mfereji unafungua mlango, lakini anayeamua nani abaki kwa kiasi kikubwa ni lipidi zilizopo mlangoni.

Je, ribosomu haigusi lipidi kabisa? Inagusa kidogo. Mwaka 2011 kundi la Roland Beckmann, Munich, liliweka mfereji wa bakteria ndani ya kisahani kidogo sana cha lipidi, likapandisha ribosomu juu yake na kupiga picha. Mkunjo mmoja wa RNA ya ribosomu, wenye namba 59, ulionekana umegusa uso wa lipidi kando ya mfereji, na lipidi za hapo zilionekana kuvurugika kidogo. Mguso huo haushiki ribosomu kama vishikio vile viwili. Inaelekea unaweka mazingira sawa karibu na mlango. Mimi ningelitaja kwa binti, kwa sababu linaonyesha kwamba RNA na lipidi zinaweza kukaribiana bila ugomvi.

Ukitaka kuona lipidi zenye hasi zikifanya kazi ya kuita, nenda kwa bakteria. *E. coli* haina retikulamu. Ribosomu zake hushika utando wa seli, kwenye mfereji uitwao SecY, ndugu wa Sec61. Utando huo una fosfatidilietanolamini asilimia 75 hivi, fosfatidiligliseroli yenye chaji hasi asilimia 20, na kadiolipini asilimia 5. Kipokezi cha SRP cha bakteria, FtsY, hakijapenya kwenye utando kama cha kwetu. Kinaelea, kisha kinatua kwa kutumia kipande chake chenye chanya upande mmoja na mafuta upande mwingine, na kinatua kwenye lipidi zenye hasi. Kikishatua kinabadilika umbo na kuwa tayari kuipokea ribosomu. Mapema mwaka 1988 ilishaonekana kwamba *E. coli* iliyopunguziwa fosfatidiligliseroli inapeleka protini nje kwa shida. Zile hasi za lipidi hapa hazimfukuzi mtu.

Ukiondoa fosfatidilietanolamini unapata kioja kingine. William Dowhan na Mikhail Bogdanov, Texas, walikuza *E. coli* isiyo na lipidi hiyo, wakakuta protini ya kusafirisha laktosi imekaa ndani ya utando huku nusu yake ya mbele imepinduka, ya ndani nje. Ribosomu ileile, mfereji uleule, lipidi tu zimebadilika.

Kwa upande wetu wanyama, lipidi ya kuangalia ni kolesteroli. Retikulamu ndiko inakotengenezwa, lakini yenyewe hubaki nayo kidogo mno, takriban molekuli 5 katika kila lipidi 100, wakati utando wa nje wa seli hufika 30 hadi 40. Kolesteroli hubana na kukakamaza mafuta. Mwaka 2001 watafiti wa Sweden na Finland waliongeza kolesteroli kwenye utando wa retikulamu na wakaona uingizaji wa protini unazuilika. Retikulamu hailali juu ya hilo: Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas walionyesha kwamba ikivuka hiyo asilimia 5, kihisi chake kinazima jeni za kutengeneza kolesteroli, na ni kama swichi, haipungui taratibu. Tafadhali usiwaambie wanafunzi kwamba ukila mayai mengi ribosomu zitadondoka. Kihisi kipo kwa ajili hiyo hasa.

Nimebakiza mfano mmoja ambao ningemaliza nao kipindi kama ningekuwa wewe, kwa kuwa unatuhusu. Mwaka 1897 Albert Cook, daktari wa hospitali ya Mengo, Kampala, alieleza vidonda vikubwa vya ajabu, na miaka ya 1960 wagonjwa wengi wa namna hiyo walionekana Buruli, katikati ya Uganda. Ndiyo asili ya jina kidonda cha Buruli. Ugonjwa huo upo Kongo na Afrika Magharibi pia. Unaletwa na *Mycobacterium ulcerans*, jamaa ya bakteria wa kifua kikuu, na kinachoshangaza ni kwamba kidonda kinaweza kula ngozi hadi kwenye mafuta ya chini yake bila maumivu makubwa na bila mwili kupiga kelele. Hutibiwa kwa rifampisini na klarithromisini kwa wiki 8.

Sumu ya bakteria huyo, maikolaktoni, iligunduliwa mwaka 1999. Si protini, ina tabia za lipidi, inayeyuka kwenye mafuta na kupenya utando wa seli yenyewe. Mwaka 2014 ilibainika inakokwenda: Sec61. Inajikita karibu na ule mlango wa pembeni, na ishara za protini nyingi haziwezi tena kujipachika. Protini ambazo chembe za kinga zingetoa kuita msaada zinaishia saitoplazimu, zinavunjwavunjwa na kutupwa.

Na ribosomu je? Mwaka 2020 picha ya Sec61 iliyozuiwa na maikolaktoni ilichapishwa, na kwenye picha hiyo ribosomu iko juu ya mfereji, imeshikwa na vitanzi vilevile. Mwonyeshe binti, umuulize yeye sasa: ribosomu imebandika, kwa nini insulini haiingii?